Saplimenti na stamina ya misuli: maswali ninayoulizwa zaidi na wapiga chuma wa Mwanza

Maswali haya nimeyakusanya kwa watu ninaowafundisha mazoezi: vijana wa jimu za Nyegezi na Igoma, akina mama wanaopanda vilima vya Isamilo alfajiri, wabeba mizigo wa soko la samaki la Mwaloni, Kirumba. Msimamo wangu nausema mapema. Saplimenti zinazoongeza stamina ya misuli zipo, ni chache, na kila moja inasaidia kidogo katika jambo moja. Hapa Ziwa Victoria tuna chakula kizuri na pia tuna magonjwa yanayokula nguvu za mtu kimyakimya, na hayo mawili yana uzito kuliko kopo lolote.

Stamina ya misuli ni kitu gani, na inatofautianaje na nguvu?

Nguvu ni uzito mkubwa kabisa unaoweza kuunyanyua mara moja. Stamina ya misuli ni uwezo wa kurudia uzito wa wastani mara nyingi bila mkao kuharibika, au kushikilia mkao mmoja kwa muda mrefu. Anayetaka stamina hufanya seti za marudio 15 hadi 25, kwa uzito usiozidi nusu ya ule mkubwa anaoumudu, na mapumziko mafupi kati ya seti. Hakuna unga unaoweza kuzifanya seti hizo badala yako.

Kwa nini misuli inagoma katikati ya seti?

Swali hili ndilo ninalopenda kuliko yote, maana ukilielewa utajua kila saplimenti inagusa wapi na muuzaji hatakuyumbisha.

Msuli unajikunja kwa kutumia nishati iitwayo ATP. Iliyohifadhiwa ndani ya msuli ni ya sekunde chache tu. Inapopungua, kreatini fosfeti huijaza upya haraka, lakini nayo huisha ndani ya sekunde kama 10 za kazi nzito. Baada ya hapo msuli unategemea zaidi kuvunja glaikojeni, yaani wanga uliohifadhiwa ndani yake, bila kusubiri oksijeni. Njia hiyo ni ya haraka, ila inaongeza uasidi ndani ya msuli, na kadiri uasidi unavyopanda ndivyo msuli unavyoshindwa kukaza vizuri. Ule moto unaousikia mapajani kwenye rudio la 18 la skwati unatoka huko. Wakati huohuo ubongo unapokea taarifa za uchovu na kupunguza msukumo wenyewe kabla msuli haujafika mwisho wa uwezo wake.

Sasa angalia. Kreatini inagusa hatua ya kwanza. Wanga unajaza glaikojeni. Beta-alanini na bikaboneti zinapambana na uasidi. Kafeini inafanya kazi zaidi kwenye ubongo. Naitreti, iliyomo kwenye bitiruti na mchicha, inausaidia mwili kutumia oksijeni kwa uangalifu na mishipa ya damu kutanuka. Mtu akikuuzia kitu cha "stamina", muulize kinagusa wapi kati ya hapo.

Zipi zimethibitishwa kweli?

Mwaka 2018 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, IOC, ilitoa tamko la wataalamu kuhusu saplimenti kwa wanamichezo. Kati ya mamia ya bidhaa zilizoko sokoni, walitaja tano zenye ushahidi wa kutosha kwamba zinaongeza uwezo moja kwa moja: kafeini, kreatini, naitreti, beta-alanini na bikaboneti ya sodiamu. Hata hizo, walisisitiza zitumike kwa mtu ambaye chakula na mazoezi yake tayari vimekaa sawa.

Nikianza na moja tu, iwe ipi?

Kreatini monohaidreti. Ndiyo iliyochunguzwa zaidi, na katika kupiga chuma ndiyo yenye matokeo ya kuaminika zaidi. Kitu chenyewe si kigeni mwilini: mwili unajitengenezea wenyewe, na mwanakemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul aliigundua ndani ya nyama mwaka 1832. Mapitio ya tafiti 22 yaliyochapishwa mwaka 2003 yaliwalinganisha watu waliopiga chuma wakitumia kreatini na waliopiga chuma wakipewa unga usio na kitu. Idadi ya marudio kwa uzito uleule iliongezeka kwa wastani wa asilimia 26 kwa wenye kreatini, na asilimia 12 kwa wengine. Soma hiyo asilimia 12 tena: hao hawakutumia chochote zaidi ya mazoezi.

Dozi ni gramu 3 hadi 5 kila siku, siku ya mazoezi na siku ya mapumziko, saa yoyote unayoikumbuka vizuri. Misuli hujaa baada ya wiki 3 hadi 4. Wapo wanaoanza na gramu 20 kwa siku, wakizigawa mara nne, kwa siku 5 hadi 7; inajaza haraka zaidi ila tumbo linaweza kuvuruga, nami sioni haja kwa mtu asiye na shindano wiki ijayo. Koroga kwenye maji au uji, kunywa hapohapo. Ikikaa muda mrefu kwenye maji hubadilika kuwa kreatinini, ambayo haina kazi kwako.

Usilipie zaidi kwa aina zenye majina marefu. Monohaidreti ya kawaida haijapitwa.

Kreatini haiharibu figo? Na nywele je?

Kwa mtu mzima mwenye figo nzima, tafiti za miaka mingi kwa dozi za kawaida hazijaonyesha madhara ya figo. Hofu imetokana na kipimo chenyewe. Hospitalini figo hupimwa kwa kuangalia kreatinini kwenye damu, na anayetumia kreatini huwa nayo juu kidogo hata kama figo zake ni salama. Kwa hiyo ukienda kupima, mwambie daktari unatumia nini. Mwenye ugonjwa wa figo, kisukari au presha ya muda mrefu asianze kabla ya kupimwa na kuzungumza na daktari.

Utaongezeka kilo moja au mbili mwanzoni. Ni maji yanayoingia ndani ya msuli. Bondia anayepambana na mizani ya uzito alijue hilo mapema.

Habari ya nywele ilitokana na utafiti mdogo wa mwaka 2009 kwa wachezaji 20 wa raga Afrika Kusini. Walipima homoni; nywele hawakuzipima.

Mimi nakula sato na sangara karibu kila siku. Si inatosha kwa kreatini?

Samaki na nyama ndivyo vyakula vyenye kreatini, na mla samaki wa ziwani anaanza mbele ya mtu anayekula maharage tu. Lakini kilo moja ya nyama au samaki wengi wabichi ina takriban gramu 3 hadi 5, na moto wa kupikia hupunguza sehemu yake. Kilo moja kila siku ni nyingi kwa mfuko na kwa tumbo. Jambo moja tu: mtu ambaye misuli yake tayari imejaa kreatini kutokana na chakula ataona mabadiliko madogo akitumia unga. Asiyekula samaki wala nyama ndiye huona tofauti kubwa.

Kahawa inasaidia kweli, au ni mazoea tu?

Inasaidia kweli. Kafeini inazuia ishara ya uchovu kwenye ubongo, na mtu anapata rudio moja au mawili zaidi kabla ya kukwama. Hadi mwisho wa mwaka 2003 ilikuwa imewekewa ukomo kwenye michezo. Iliondolewa kwenye orodha ya marufuku mwaka 2004, na Shirika la Kimataifa la Kupambana na Dawa za Kusisimua Misuli Michezoni, WADA, bado linaifuatilia.

Kiwango kilichochunguzwa ni miligramu 3 hadi 6 kwa kila kilo ya mwili, saa moja kabla ya mazoezi. Mtu wa kilo 70 anaanzia miligramu 210, karibu vikombe viwili vikubwa vya kahawa iliyokolea. Anayeanza aende chini ya hapo, maana hata miligramu 2 kwa kilo huwatosha wengi. Kumbuka pia kahawa yetu ya Kanda ya Ziwa inatoka zaidi Kagera, na nyingi ni robusta, ambayo kafeini yake ni karibu mara mbili ya arabika ya Kilimanjaro au Mbeya. Kahawa ya kutafuna ya Bukoba nayo inahesabika. Kwa mtu mzima mwenye afya, mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya iliweka mwaka 2015 kiwango cha miligramu 400 kwa siku nzima kuwa salama; kwa mjamzito ni 200.

Jambo linalonisumbua zaidi ni saa. Kafeini hupungua nusu baada ya kama saa tano. Ukinywa saa 12 jioni ili ufanye mazoezi saa 1, saa 5 usiku nusu yake bado imo mwilini. Utafanya seti nzuri leo, utalala vibaya, na kesho hutakuwa na kitu. Wanaofanya mazoezi jioni nawashauri waiache kabisa.

Na vinywaji vya kuongeza nguvu vya dukani?

Vingi vina miligramu kama 80 za kafeini kwa mililita 250, pamoja na sukari nyingi. Kwa hiyo kinachokuamsha ni kafeini ileile. Hatari ni kuvirundika: chupa mbili, kahawa, halafu unga wa kabla ya mazoezi ambao nao una kafeini. Moyo ukienda mbio au ukidunda bila mpangilio, acha mazoezi na uende ukapimwe.

Nikinywa beta-alanini uso na mikono vinachonyota. Ni sumu?

Si sumu. Ni mishipa ya fahamu ya ngozi kusisimka, na huisha baada ya muda mfupi. Gawa dozi ndogondogo, gramu 0.8 hadi 1.6 kwa mara moja, itapungua.

Beta-alanini inaongeza karnosini ndani ya msuli, kitu kinachopunguza uasidi. Haifanyi kazi siku unayoinywa. Ni kama kujaza tanki kwa bomba jembamba: gramu 3.2 hadi 6.4 kwa siku, kwa wiki 4 au zaidi, ndipo tofauti inaonekana. Faida yake iko kwenye kazi inayochukua kati ya dakika moja na nne hivi, na ni ndogo, karibu asilimia 3. Kwa mpiga makasia au bondia hiyo ina maana. Kwa anayefanya seti za marudio 8 na kupumzika dakika tatu, ni hela imepotea.

Bikaboneti ya sodiamu si ndiyo magadi? Nitumie ya jikoni?

Hapana, tafadhali. Magadi yanayochimbwa, yale ya kulainishia maharage, ni mchanganyiko wenye kaboneti ya sodiamu, kali zaidi kwa tumbo na koo, na huwa na floridi nyingi inayoharibu meno na mifupa. Bikaboneti iliyochunguzwa michezoni ni soda safi ya kuokea.

Na hata hiyo siipendekezi kwa mtu wa kawaida. Dozi ni gramu 0.2 hadi 0.3 kwa kilo ya mwili. Kwa mtu wa kilo 70 dozi ya juu ni gramu 21, zenye karibu gramu 6 za sodiamu, wakati Shirika la Afya Duniani linashauri mtu asivuke gramu 2 kwa siku nzima. Wengi wanaishia kukimbilia chooni. Mwenye presha asiiguse.

Bitiruti na mchicha vinasaidia?

Naitreti iliyomo inabadilishwa na bakteria wa mdomoni, kisha mwili unaigeuza kuwa gesi inayotanua mishipa ya damu. Juisi ya bitiruti hunywewa saa mbili au tatu kabla ya mazoezi. Mchicha wetu nao una naitreti nyingi, ila ukiuchemsha na kumwaga maji, sehemu kubwa inakwenda na maji hayo. Upike kwa maji machache na uyale pamoja na mboga. Anayesukutua kwa dawa ya kuua bakteria anawaua wale wale wanaofanya kazi hiyo. Mkojo kuwa mwekundu baada ya bitiruti ni kawaida, lakini sisi wa ziwani tuwe makini: ukiuona mwekundu siku ambayo hukula bitiruti, kapime kichocho cha mkojo.

Protini ya kopo au dagaa?

Mapitio makubwa ya mwaka 2018, yaliyounganisha tafiti 49, yaliona kwamba faida ya protini kwa wapiga chuma hufikia ukomo karibu na gramu 1.6 kwa kilo ya mwili kwa siku. Mtu wa kilo 70 anahitaji kama gramu 112. Tuhesabu kwa chakula cha Mwanza. Mayai matatu, gramu 18. Sato mwenye minofu gramu 200, kama 40. Kikombe cha maharage yaliyopikwa, 15. Gramu 30 za dagaa wakavu, kama 17. Glasi ya maziwa au mtindi, 8. Ugali wa dona wa gramu 200 za unga, kama 16. Jumla 114, na hujafungua kopo.

Kwa hiyo naamini kwa moyo wote kwamba kwa wengi wetu dagaa ndiye saplimenti. Analiwa mzima, mifupa kwa kichwa, ndiyo maana ana kalisi na madini ya chuma ambayo unga wa maziwa haukupi kwa kiasi hicho. Nunua waliokaushwa kwenye vichanja. Waliokaushwa chini hubeba mchanga. Osha vizuri. Wanaoishi Sengerema au Ukerewe wana bahati zaidi ya wanaume wa jimu za kioo.

Kopo lina nafasi yake: mtu anayetoka kazini moja kwa moja, asiye na pa kupikia, au asiyekula samaki. Ni chakula kilichokaushwa, si dawa. Maziwa yakikuvuruga tumbo, unga wa kawaida wa protini ya maziwa utakuvuruga pia.

BCAA?

Acha. Ni vipande vitatu tu vya protini, na kama unakula protini ya kutosha tayari unavyo.

Nile nini kabla ya mazoezi ili nisikate pumzi mapema?

Wanga. Zoezi moja zito la chuma linaweza kupunguza glaikojeni ya misuli iliyotumika kwa asilimia 24 hadi 40, na anayeanza ikiwa pungufu atakwama mapema bila kujali amekunywa unga gani. Wali, ugali, ndizi, viazi vitamu, saa mbili au tatu kabla. Kama muda ni mfupi, Wasukuma walishatutatulia tatizo hilo: matobolwa. Ni viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa, vikakaushwa juani. Vinakaa kwenye begi wiki nzima na sehemu kubwa yake ni wanga. Tafuna na maji. Michembe, iliyokaushwa mbichi, inahitaji kupikwa kwanza.

Maji usiyasahau. Ukipoteza asilimia 2 ya uzito wako kwa jasho, stamina inashuka. Jipime kabla na baada ya mazoezi. Kila kilo iliyopungua ni lita moja na zaidi kidogo ya kurudisha. Yachemshe au yatibu, hata kama ziwa liko mlangoni.

Kocha, nabeba magunia ya dagaa Mwaloni tangu alfajiri. Jioni nikifika jimu mikono imeisha. Ninywe nini?

Ndugu yangu, wewe umeshafanya mazoezi kabla hujafika. Kubeba magunia kutoka kwenye boti hadi kwenye gari kwa saa nyingi ni stamina ya misuli yenyewe. Unachohitaji ni kurudishiwa ulichotoa. Wengi wa kazi yako wanaanza na chai na andazi, wanakula kitu cha maana mchana sana, na katikati wanajisukuma kwa chupa ya kuongeza nguvu. Geuza: kula kwa mama lishe kabla ya kazi, wali au chapati na maharage. Beba maji yenye chumvi kidogo na sukari kidogo. Mlo wa mchana uwe na dagaa au samaki. Jimu nenda siku mbili au tatu kwa wiki, siku ambazo kazi ilikuwa nyepesi, na ufanye yale ambayo gunia halikufanyii: kuvuta, kifua, misuli ya tumbo na ya kuzunguka bega. Mgongo wako unalipa kodi ya nyumba. Usiuchoshe mara mbili kwa siku moja. Ukishapanga hivyo kwa mwezi na bado una hela ya ziada, kreatini itakufaa kuliko mtu wa ofisini.

Nakula vizuri, nalala, lakini nachoka haraka kuliko wenzangu. Niongeze dozi?

Usiongeze. Kapime. Mtu wa mwambao huu anayechoka bila sababu ana mambo matatu ya kuangalia kabla ya duka la saplimenti.

La kwanza ni kichocho cha tumbo. Ziwa Victoria ni moja ya maeneo yenye kichocho kingi sana, na anayevua, kuogelea, kufua au kuchota maji ziwani yuko hatarini. Kinaweza kukaa mwilini miaka bila dalili kubwa, kikipunguza damu na nguvu. Kipimo ni choo, na tiba ni prazikwanteli, vidonge ambavyo mtaalamu hupanga kwa uzito wako.

La pili ni malaria. Usifanye mazoezi ukiwa na homa, hata mepesi. Ukipona, wekundu wa damu unaweza kuwa bado chini. Anza na nusu ya uzito uliokuwa ukinyanyua na panda polepole.

La tatu ni upungufu wa damu wenyewe. Pima kwanza ndipo unywe madini ya chuma, kwa sababu kuyanywa bila upungufu kuna madhara. Usinywe chai pamoja na mlo wenye dagaa na mboga, maana inazuia chuma kufyonzwa. Chungwa au embe husaidia.

Nimeona watu wakitumia mshahara kwenye makopo huku tatizo lao lingepatikana kwenye maabara ya kituo cha afya. Inaniuma kila ninapoliona.

Mdogo wangu ana seli mundu, mimi niliambiwa nabeba kinasaba. Naruhusiwa?

Kanda yetu ni kati ya zenye seli mundu nyingi nchini, kwa hiyo ni vizuri umejua. Wabebaji wengi hufanya mazoezi bila shida. Hatari inakuja pale joto, ukosefu wa maji na kujisukuma ghafla hadi mwisho vinapokutana, na vichangamshi kama kafeini nyingi vinaficha dalili za onyo. Panda taratibu, pumzika vya kutosha, kunywa maji. Maumivu makali ya misuli pamoja na mkojo wa rangi ya chai ya rangi ni dharura: misuli inavunjika na figo ziko hatarini. Nenda hospitali usiku huohuo. Mwenye ugonjwa wenyewe apangiwe mazoezi na daktari wa kliniki yake.

Natumia ARV. Kuna shida nikitumia multivitamini au protini?

Ipo moja kubwa na haisemwi vya kutosha. Dolutegravir, iliyomo kwenye vidonge vinavyotumiwa na wengi sasa, hushikwa tumboni na madini kama kalisi, chuma, magnesi na zinki, ikashindwa kufyonzwa vizuri. Meza dawa yako masaa 2 kabla ya bidhaa yenye madini hayo, au masaa 6 baada yake. Soma kopo, kwani protini nyingi zimeongezwa madini. Peleka kopo lenyewe kwenye kliniki yako ya CTC walione.

Ramadhani je?

Fanya mazoezi baada ya futari au baada ya tarawehe. Kreatini na protini hupangwa vizuri kati ya futari na daku. Faida yake haipotei kwa kubadili saa. Kafeini iache. Punguza idadi ya seti mwezi huo.

Wanawake watumie dozi ileile? Na vijana wa shule?

Dada zangu, ndiyo: kreatini gramu 3 hadi 5, na haitakufanya uwe na mwili wa kiume. Mjamzito na anayenyonyesha aache saplimenti za mazoezi zote isipokuwa alizoandikiwa kliniki. Kijana wa chini ya miaka 18 ale, alale, ajifunze mkao sahihi.

Nitajuaje kopo ni la kweli?

Kati ya mwaka 2000 na 2001 maabara ya Köln, Ujerumani, ilipima saplimenti 634 zilizonunuliwa katika nchi 13. Zilizokutwa na homoni za kujenga misuli ambazo hazikuandikwa kwenye kopo zilikuwa 94, karibu asilimia 15. Kwa mwanamichezo wa mashindano hilo ni balaa, maana kanuni za WADA zinamwajibisha kwa chochote kitakachokutwa mwilini mwake, awe alijua au hakujua. Anayeshindana atafute kopo lenye nembo ya Informed Sport au NSF Certified for Sport na ahifadhi namba ya toleo.

Kwa wengine: usinunue unga uliopimwa kwenye mfuko bila kopo lake. Angalia tarehe, muhuri, na jina la mwagizaji. Hapa Tanzania, tangu 2019 usalama wa chakula uko chini ya TBS, shirika la viwango, na dawa ziko chini ya TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Ukiona "mchanganyiko maalumu" bila gramu za kila kitu, rudisha rafuni. Protini ya bei ya chini mno inaweza kuwa imeongezwa asidi amino za bei rahisi, kwa sababu kipimo cha kawaida huhesabu naitrojeni tu na hakitofautishi inatoka wapi.

Rafiki yangu anatumia vidonge vya kunenepa na mwingine anachoma sindano. Vinaongeza stamina?

Vidonge vya kunenepa vinavyouzwa kienyeji mara nyingi ni dexamethasone au cyproheptadine. Cha kwanza huvimbisha uso na mwili kwa maji na mafuta huku kikila misuli, na kukikatisha ghafla baada ya matumizi marefu kunaweza kuua. Cha pili ni dawa ya mzio inayoleta njaa na usingizi. Sindano za homoni hukuza msuli kweli. Hukuza na moyo, huharibu mafuta ya damu, na huzima korodani zisitengeneze homoni na mbegu. Sindano ya kushirikiana inaleta homa ya ini na VVU. Kama rafiki yako ameshaanza, asiache kimyakimya wala asiendelee kimyakimya; mpeleke kwa daktari, na usimwaibishe.

Nitajuaje kama saplimenti inanifanyia kazi?

Chagua mazoezi mawili, kwa mfano pushapu na skwati ya kilo ileile. Kwa wiki mbili, bila kutumia chochote kipya, andika kwenye daftari idadi ya marudio hadi unapokwama, siku ileile ya wiki na saa ileile. Kisha ongeza kitu kimoja tu. Kreatini ipe wiki 4, beta-alanini wiki 6. Kafeini ijaribu siku moja ndiyo, siku moja hapana, mara kadhaa. Andika pia ulilala saa ngapi, kwa sababu usiku mbaya mmoja unaweza kufunika kila kitu. Namba zikibaki zilezile, kopo likiisha usinunue jingine. Fedha hiyo ongeza kwenye samaki.